Kwenda debi ya Mashemeji ukiwa Ingwe uliyeolewa kwa Gor

Kama umeolewa kwa watu wa Gor Mahia na moyo wako uko AFC Leopards, yaani Ingwe (chui), mahasimu wao wa soka kwenye debi ya Mashemeji, sema mapema. Mimi nilinyamaza miezi minne. Mume wangu alidhani napenda tu rangi ya buluu, mpaka Jumamosi moja alipotafuta kitambaa cha kupangusia runinga, akavuta skafu yenye chui kutoka nyuma ya kabati. Mama mkwe alikuwa ameketi papo hapo na chai yake. Akaiangalia skafu, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwani kwenu hakukuwa na mtu wa kukushauri?"

Ukishajulikana, jifunze historia, maana mechi huanzia mezani. Watakuletea 1987, mwaka Gor walipochukua Kombe la Washindi barani Afrika. Usibishe. Ni kweli, na inauma. Wewe wakumbushe kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati: 1982, 1983, 1984, Ingwe mara tatu mfululizo. Itaje miaka hiyo polepole, mmoja mmoja. Mtu akigusia ligi utajikuta umerudi mpaka 1998 kutafuta ubingwa wa Ingwe, kwa hivyo wakati huo ulizia chumvi.

Tiketi nunua kwa simu siku mbili kabla, na uende na chaji ya kutosha. Basi.

Sasa mavazi. Jezi ivae ndani, juu yake sweta, hata kama jua la Nairobi linachoma. Watu wa kijani, yaani wa Gor, hupenda kukusanyika kwenye sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue, na wewe huwezi kufika uwanja wa Nyayo bila kupita mjini. Mimi mwaka wa kwanza nilijitia ujasiri, nikapanda matatu Umoja nikiwa buluu tupu. Makanga akanipokea kwa heshima zote: "Mama, kiti cha wageni ni hiki." Kilikuwa kile cha juu ya injini, mgongo kwa dereva, uso kwa abiria wote. Waliniimbia kuanzia Jogoo Road mpaka Muthurwa. Sikukasirika sana, ila wimbo ulinishika. Wiki nzima nikiosha vyombo ninajisikia nauimba, na mume wangu amesimama mlangoni ananitazama tu, wala hasemi kitu.

Uwanjani, tafuta waliko wapiga isikuti, ngoma za Waluhya, ukae karibu nao. Raha ya pale sijui niieleze vipi. Ngoma zikishika, hata mguu wenye baridi yabisi unasahau. Faida ya pili ni kwamba hakuna anayesikia unamwambia nini refa. Hili nililijua siku ngoma ziliponyamaza ghafla katikati ya sentensi yangu, nikageuka nikakuta safu mbili nyuma yangu mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama, anayenijua kama mtu wa kufungua mkutano kwa maombi. Alivaa buluu pia. Hatujawahi kulizungumzia.

Rangi ya uso nunua ile yenyewe ya uso. Nakusihi. Mimi nilichukua rangi ya maji ya mwanangu ya shule, nikaikoroga na mafuta ya kujipaka ili ishike. Ilishika. Jumapili usiku nilisugua kwa sabuni ya kipande, kwa limau, kwa dodoki mpaka ngozi ikawaka, lakini ile iliyoingia kwenye nyusi na kuzunguka jicho la kushoto haikutoka. Jumatatu niko kazini, kwenye dirisha la malipo, sauti imekauka, mzee mmoja anainama kutia sahihi. Akaniona jicho. Akashusha sauti.

"Pole, mama. Umepigwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na nani?"

"Gor. Mbili bila."

Alinyamaza kidogo. Kisha akapitisha mkono kwenye tundu la dirisha, tukashikana kama watu waliokutana matangani, na foleni nyuma yake ikianza kunung'unika. "Hata mimi nilikuwepo," akasema. "Ile ya pili ilikuwa ofusaidi."

Mwisho ni dau. Usiweke pesa, pesa zitavunja nyumba. Sisi huweka kuku. Upande ulioshindwa unanunua na kupika, ulioshinda unapewa firigisi. Wasioelewa hudhani ni kitu kidogo. Kwetu Butere firigisi ni ya mwanamume. Nimechinja na kunyonyoa kuku tangu nikiwa darasa la nne, nikapeleka sahani kwa baba, kwa ndugu zangu, kwa wajomba, na sikuwahi kuionja.

Mwaka tuliposhinda, baba mkwe mwenyewe alinunua jogoo, mume wangu akapika, akazidisha tangawizi. Mzee akaichukua firigisi kwa kijiko, akaiweka kwenye sahani yangu mbele ya watu wote. Niliila polepole. Ni ngumu kidogo, na ina mchanga usipooshwa vizuri. Mwanangu, ambaye huvaa kijani kama babu yake, aliniangalia mdomoni mpaka nikamkatia kipande.

"Ukila hii," nikamwambia, "jezi unavua."

Akafikiria, akarudisha kipande sahanini.