SOMO: Kuutambua udongo wa majivu ya volkano kwenye miteremko ya msitu (mfano: Mlima Rungwe)

Habari za jioni wakuu. Napigiwa sana simu na wakulima wa Uporoto na Tukuyu, na swali ni lile lile: "Udongo wetu mweusi tii, mwepesi, jembe linazama lenyewe, mbona viazi vinadumaa?" Leo tuuchunguze udongo huu kwa beleshi, kopo na vidole.

Kwanza asili yake. Rungwe ni volkano ya mkoani Mbeya, Tanzania, yenye kimo cha karibu mita 3,000. Miaka kama 4,000 iliyopita ulilipuka kwa kishindo, ukamwaga majivu pamoja na yale mawe mepesi yanayoelea majini, ambayo watu husugulia visigino. Majivu ya volkano si kama ya jikoni. Ni vipande vidogo vya kioo, na mvua nyingi ya huku hukioza kioo haraka kuliko inavyooza jiwe. Kinachobaki ni madini yanayoitwa alofani: chembe ndogo mno zenye uwazi ndani, zinazonyonya maji na kung'ang'ania fosfeti, ile lishe ya mmea iliyomo kwenye mbolea. Aluminiamu inayotoka humo nayo hushikana na mboji, vijidudu vikashindwa kuila, mboji ikarundikana mwaka hadi mwaka. Weusi umetoka hapo. Wataalamu huuita Andosoli, jina lililotokana na Kijapani, "an" giza na "do" udongo.

HATUA YA 1: Mahali pa kuchimba
Msitu wa Rungwe ni hifadhi iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), usiingie na beleshi bila kibali. Ukingo wa barabara au wa shamba linalopakana na msitu unatosha. Ila usisome ukingo ulivyo, umeshapigwa jua. Kata ndani kama sentimita 30 hadi ufikie udongo wenye unyevu wake.

HATUA YA 2: Soma matabaka
Juu kuna majani na mizizi myembamba. Chini yake mweusi uliovunjika punje punje kama ugali wa mtama uliopoa, kisha kahawia inayoelekea njano. Ukiendelea unaweza kukutana na mkanda wa yale mawe mepesi, rangi ya maziwa yaliyochacha, na chini ya mkanda, weusi tena! Wengi hapo hudhani wamekosea. Hujakosea. Huo ni udongo wa juu wa zamani, uliokuwa na majani yake na mizizi yake, ukafukiwa na mlipuko.

HATUA YA 3: Vidole (hii ndiyo muhimu)
Chukua donge lenye unyevu, lisiwe limekauka wala kuloweshwa. Libonyeze: litakaa kama mfinyanzi mgumu kiasi. Sasa lisugue kwa nguvu kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa muda hakuna kitu, halafu ghafla linaachia, maji yanatoka, vidole vinateleza kama umeshika sabuni. Acha kusugua, litaanza kukaza tena. Mfinyanzi wa kawaida haufanyi hivyo. Maji yalikuwa yamefungwa ndani ya zile chembe, wewe umezivunja.

HATUA YA 4: Kopo
Tafuta kopo lililokatwa pande zote mbili. Langu lina kimo cha sm 10 na upana wa sm 7.5, yaani ujazo wa karibu sm³ 442. Ligongee taratibu kwenye udongo, litoe likiwa limejaa, sawazisha kwa kisu, pima uzito. Kausha kwenye tanuri nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Tuseme ulianza na gramu 530 zikabaki 265. Gawanya 265 kwa 442, unapata 0.6, yaani gramu 0.6 za udongo mkavu kwa kila sm³. Udongo wa kawaida huwa juu ya 1, huu wa majivu hauzidi 0.9. Angalia pia kwamba nusu ya uzito ulioubeba ilikuwa maji, na hukuona hata tone likichuruzika.

HATUA YA 5: Sampuli ya maabara
Funga kwenye mfuko wa plastiki, ibaki na unyevu. Mimi zamani nilianika zangu juu ya bati siku tatu, kama tulivyofundishwa kwa udongo mwingine, nikapeleka maabara moja. Majibu yakarudi: mchanga mtupu. Udongo uliokuwa ukiteleza mkononi mwangu! Ukikauka kabisa, chembe zake hugandamana kuwa punje ngumu, na ukirudisha maji hauwi tena kama mwanzo. Siku hizi huandika kwenye fomu kwa herufi kubwa: USIKAUSHE.

HATUA YA 6 (mwenye vifaa tu)
Gramu 1 ya udongo kwenye mililita 50 za myeyusho wa floridi ya sodiamu (molari 1), pima pH baada ya dakika 2. Ikipita 9.5, ni dalili nzuri kwamba udongo ni huu wa majivu, mradi udongo hauna chokaa. Floridi ni sumu, vaeni glavu na watoto wakae mbali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkulima, Uporoto: Ndaga kwa somo, mwalimu. Sasa hivyo viazi nifanyeje? Naweka mbolea kila msimu.

Jibu: Ndaga fijo. Unaiwekaje? Ukiitawanya shamba zima, udongo unaila wewe ukiangalia. Kipimo kimoja cha kuutambua rasmi ni kwamba unashika angalau asilimia 85 ya fosfeti unayoupa. Weka DAP au TSP (mbolea zenye fosfeti) kwenye mfereji, karibu na mbegu ila isiguse, ukichanganya na samadi iliyoiva. Samadi inagombania zile nafasi ambazo fosfeti ingenaswa. Mbolea ya Minjingu, ile ya mawe ya fosfeti yaliyosagwa, inafaa kwenye udongo wenye tindikali, lakini ni ya polepole na viazi havina subira.

Dada wa Marangu (Mlima Kilimanjaro): Huku kihambani kwetu udongo ni wa kahawia nyekundu, ila msituni juu ni mweusi. Mlima si mmoja?

Jibu: Mlima ni mmoja, dada, hali ya hewa ndiyo tofauti. Juu msituni kuna baridi na unyevu mwaka mzima, alofani na mboji vinadumu. Ukishuka, joto na kiangazi huigeuza alofani polepole kuwa mfinyanzi wa kawaida, na chuma kinaleta wekundu. Fanya Hatua ya 3 sehemu zote mbili, utaona mwenyewe.

Fundi ujenzi: Tulichonga mteremko kupata kiwanja, ulisimama wima bila shida kiangazi chote. Masika ukaja chini kama uji. Kulikoni?

Jibu: Pole sana fundi. Ukiwa haujaguswa una punje imara na mizizi, mvua kubwa inazama tu. Ukichongwa na kukanyagwa huku umejaa maji, ni kile kile cha vidole, sasa kwa tani nyingi. Mkanda wa mawe mepesi nao huwa njia ya maji chini kwa chini. Punguza mwinuko wa ukingo, maji ya bati yapeleke mbali kwa mfereji, na miti ya juu ya ukingo usiiguse.

Ndugu wa Goma: Huku tuko juu ya lava ya Nyiragongo ya 2002. Tutapata lini udongo kama huo?

Jibu: Lava si majivu, ndugu yangu. Jiwe hilo limekaza, mvua inalilamba juu juu, wakati majivu ni vumbi ambalo kila punje inaguswa na maji. Udongo mweusi unaouona kwenye milima ya Virunga umetokana zaidi na majivu na changarawe za volkano. Kwenye lava, mnachoweza sasa ni kujaza udongo na mboji kwenye mashimo ya mawe, mpande migomba humo.