Kiki ikimezwa na besi, jaribu saidicheni

Ukichanganya wimbo ukasikia kiki (ngoma nzito ya chini) inamezwa na besi, usikimbilie kuipandisha sauti. Weka kompresa (kifaa kinachobana sauti inapopita kiwango fulani) kwenye treki ya besi, kisha kwenye sehemu yake ya saidicheni, inayoiwezesha kusikiliza treki nyingine, chagua kiki iwe ndiyo inayosikilizwa. Hapo ndipo wengi huchanganya: kompresa hukaa kwa anayepaswa kupisha, si kwa anayepishwa. Kiki ikigonga, besi inashuka. Kiki ikinyamaza, besi inarudi.

Anza na uwiano wa kubana wa 4:1 na ataki fupi (muda wa kompresa kuanza kubana), halafu shusha kizingiti (kiwango cha sauti kinachoiamsha) mpaka mita ionyeshe besi inapungua kama desibeli 3 hadi 6. Kazi yenyewe iko kwenye rilisi, yaani muda wa kompresa kuachia sauti irudi. Wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, kwa hiyo rilisi ya milisekunde 150 hadi 250 huipa besi muda wa kurudi kabla ya kiki inayofuata. Ikiwa fupi mno, besi inakwaruza. Ikiwa ndefu mno haipandi tena, ni sawa na kuishusha kwa feda (kitelezi cha sauti) tu.

Ule mtindo wa muziki mzima kupumua, kama kwenye muziki wa dansi wa hausi, ni huohuo uliozidishwa (mimi huuona unachosha haraka). Ukiutaka hata pale kiki isipopigwa, nakili kiki kwenye treki nyingine, ipige hata hapo, na uitumie hiyo kuendesha kompresa. Ili nakala hiyo isisikike, iondolee njia ya kwenda masta (treki kuu ya kutolea sauti) badala ya kubonyeza myuti (kitufe cha kunyamazisha), maana kwenye baadhi ya programu myuti hukata na saidicheni pia.