Kuipiga Upya Picha ya Kale: Bustani ya Chatham, Virginia

Mwongozo huu unahusu namna ya kusimama pale pale aliposimama mpiga picha wa zamani, ili mabadiliko ya nyumba na bustani yake yaonekane bila kubahatisha. Mfano wangu ni Chatham, nyumba ya karne ya 18 inayotazamana na mji wa Fredericksburg, ng'ambo ya mto Rappahannock. Ilikarabatiwa katika miaka ya 1920, Ellen Biddle Shipman akaibunia bustani, na mwaka 1927 wenye nyumba wakamwajiri Frances Benjamin Johnston aipige picha.

Hatua ya 1. Pakua picha kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, inakohifadhiwa hazina ya Johnston, kisha uichapishe kwenye plastiki angavu yenye ukubwa wa kioo cha nyuma ya kamera yako, kile kinachoonyesha picha.

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, wala usiifanye kwa haraka. Chagua vitu viwili visivyohama, kimoja cha karibu na kingine cha mbali, kama vile kona ya ukuta wa matofali na ukingo wa dirisha lililo nyuma yake; miti na vichaka usivitegemee, kwani hukua na kukatwa. Bandika plastiki juu ya kioo. Ikiwa kona imeegemea kulia mno ikilinganishwa na dirisha, umesimama kushoto mno, basi sogea kulia kidogo kidogo, hata kwa upana wa kiganja, mpaka vilingane. Ikiwa kona imeshuka mno, kamera iko juu mno. Kukuza picha kwa lenzi hakurekebishi kosa la mahali, kwa hiyo zumu iguswe mwisho.

Hatua ya 3. Weka kamera sawa kwa pimamaji ili kuta zisilale, kisha subiri vivuli vifanane na vya picha ya kale. Upande wa bustani unaelekea mashariki, hivyo fika asubuhi.

Hatua ya 4. Geuza kamera upige pia kile ambacho fremu ya kale haikukibeba. Picha za 1927 zilikusudiwa kuonyesha fahari ya ukarabati, ilhali Chatham ilistawi kwa jasho la watumwa, ambao mwaka 1805 waliasi hapo hapo. Kwangu mimi, maelezo ya picha yasiyowataja hayajakamilika.

Hatua ya 5. Andika tarehe, saa, na kimo cha lenzi kutoka ardhini, ili atakayekuja baada yako asianze kutafuta upya.