Kiraka cha moyo cha utando wa ng'ombe: namna ya kuandaa faili la FDA

Faili hili, la kuomba kibali cha FDA (mamlaka ya Marekani ya chakula, dawa na vifaa tiba) kwa kiraka cha kuzibia moyo kilichotengenezwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe, huanzia machinjioni. Wengi hutangulia kupima uimara, wakaja kukwama mkaguzi anapouliza ng'ombe alitoka nchi gani, alikuwa na umri gani na alizimishwaje. Swali la mwisho si dogo: chombo kinachotoboa fuvu chaweza kusukuma chembe za ubongo hadi kwenye damu, na hapo ndipo hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ilipo. Weka haya yote kwenye mkataba na machinjio, pamoja na ukaguzi wa daktari wa mifugo kabla na baada ya kuchinja, na kila utando uweze kufuatiliwa hadi kundi ulikotoka. Mwongozo ni ISO 22442, kiwango cha kimataifa cha vifaa tiba vyenye tishu za wanyama; sehemu yake ya 3 inahusu kuthibitisha kwamba usindikaji wako unaua virusi.

Nchini Marekani kiraka cha ndani ya moyo ni kifaa cha daraja la II, kanuni ya serikali 21 CFR 870.3470, na hupitia 510(k), yaani ombi linaloonyesha kwamba kifaa chako kinalingana na kingine kilicholetwa sokoni kihalali. Kanuni inataja plastiki tu, lakini viraka vya utando wa ng'ombe vimeruhusiwa chini ya kanuni hiyohiyo. Kifaa chako cha kulinganishia nacho kiwe cha tishu, chenye matumizi yaleyale. Ukikilinganisha na kitambaa cha poliesta, umejialikia maswali. Usidai pia kwamba kiraka "hakigandi chokaa" kama huna ushahidi mzito. Panya waliopandikizwa tishu hiyo chini ya ngozi hawatoshi kuthibitisha hilo kwa binadamu.

Kwenye uimara, pima unene, nguvu ya kuvuta, nguvu ya kupasuka, na jinsi tishu inavyoshikilia uzi wa mshono kabla ya kuchanika. Kata vipande kwa kufuata nyuzi na kwa kuzikatiza, maana utando hauna nguvu sawa pande zote. Wastani mzuri unaweza kuficha upande dhaifu.

Kipimo kinachoangusha wengi ni cha sumu kwa seli, ISO 10993-5. Glutaraldehaidi, kemikali ya kukaza na kuhifadhi tishu, ikibaki kwenye tishu huua seli za maabara. Suuza sampuli kama maelekezo ya daktari mpasuaji yanavyosema: maji ya chumvi yaleyale, kiasi kilekile, dakika zilezile. Ukisuuza zaidi, umepima kitu ambacho mgonjwa hatakipata. Kwa utakasaji wa kemikali ya majimaji, fuata ISO 14160.

Kabla ya kugharimia jaribio la wanyama wakubwa, omba maoni ya FDA kwa njia ya Pre-Submission, yaani mashauriano kabla ya kuwasilisha faili. Tangu Oktoba 1, 2023, 510(k) hupelekwa kwa eSTAR, fomu ya kielektroniki ya FDA. Lengo la FDA ni siku 90, ila wakikuomba maelezo ya ziada saa inasimama, nawe una siku 180 za kujibu.

Ulaya ni faili jingine: Kanuni ya 18 ya MDR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya vifaa tiba, inakiweka kiraka hiki daraja la III, na tishu ya ng'ombe inaongezewa masharti ya Kanuni 722/2012.