Una ugonjwa wa figo na unapenda krispi? Soma pakiti hivi kabla hujafungua

Niseme mapema, krispi, chevda, karanga za chumvi, soseji na zile tambi za dakika mbili havimfai mtu mwenye ugonjwa wa figo, na sio suala la kupunguza kidogo tu halafu basi. Figo nzima ukiizidishia chumvi inaitoa kwenye mkojo, ila iliyochoka haiwezi, sodiamu iliyomo kwenye chumvi inabaki mwilini inashika maji, miguu inavimba, presha inapanda na presha nayo inazidi kuimaliza figo hiyohiyo. Kwa anayesafishwa damu ni mbaya zaidi maana chumvi inaleta kiu, anakunywa, na maji hayana pa kutokea mpaka siku ya mashine.

Wagonjwa wengi wanaambiwa wasivuke gramu 2 za sodiamu kwa siku, ambayo ni kama gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo kuna ya mchuzi na ya mkate pia.

Sasa geuza pakiti nyuma. Tafuta palipoandikwa sodium, halafu angalia hiyo namba ni ya gramu 100 au ya "serving" (kiasi cha kula mara moja), hapa ndo wengi wanapigwa, kwa sababu serving inaweza kuwa gramu 30 na wewe unamaliza pakiti nzima. Tuseme ni miligramu 600 kwa gramu 100, ukimaliza gramu 100 umeshakula karibu theluthi ya siku na hujagusa chakula cha mchana. Wakiandika salt badala ya sodium, gawanya kwa 2.5 upate sodiamu, na kama namba ni ya gramu zidisha kwa 1,000 iwe miligramu. Sodiamu ikiwa miligramu 120 kushuka chini kwa gramu 100 hiyo ni kidogo, ikifika 600 irudishe kwenye shelfu. Zile tambi na kipakiti chake cha viungo nyingi zinapita 1,500, kwa hiyo hizo achana nazo kabisa.

Usiishie kwenye chumvi. Soma viambato, ukiona E338 mpaka E341, au E450 mpaka E452, au neno lolote lenye "phosph" ndani yake, hizo ni fosfeti za kiwandani na mwili unazinyonya karibu zote, tofauti na fosforasi ya kwenye maharage ambayo sehemu kubwa inapita tu. Zikijaa kwenye damu mwili unawasha na mifupa inadhoofika.

Halafu kuna potasiamu, madini mengine ambayo figo iliyochoka inashindwa kuyatoa. Krispi za viazi, ndizi au muhogo hata zisipotiwa chumvi potasiamu ipo palepale, maana zinakatwa zinakaangwa, hazichemshwi kwenye maji mengi yakamwagwa na sehemu ya potasiamu. Na tafadhali sana, chumvi mbadala au kitu chochote chenye potassium chloride, E508, usitumie bila kumuuliza daktari, potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Sio kila mgonjwa anazuiwa potasiamu, vipimo vyako vya damu ndo vinasema.

Hamu ikikushika pasua bisi mwenyewe nyumbani, mafuta kidogo, chumvi usiweke, nyunyizia pilipili manga au bizari ya pilau iliyosagwa zikiwa bado za moto ili ishike, na kula bakuli dogo. Bisi za dukani zilizokwisha kutiwa ladha zisome kama pakiti nyingine yoyote.

Ukiamka umevimba uso au huwezi kupumua vizuri ukilala chali, nenda hospitali siku hiyohiyo.