Siku tatu Harz: anza chini ya ardhi, mlima usiupangie siku

Nikipata mapumziko ya siku tatu baada ya zamu za usiku hospitalini, napanda treni hapa Magdeburg, Ujerumani, naelekea Harz, eneo la milima. Septemba iliyopita nilikwenda na mama mdogo, aliyekuja kunitembelea. Ana miaka sitini na miwili, magoti yanamsumbua, lakini hapendi kuachwa nyuma. Kwa kumfuata mwendo wake ndipo nilipopata mpangilio huu, na sasa ndio ninaompa kila anayeniuliza.

Jambo la kwanza: usichague siku ya kupanda Brocken, mlima mrefu kuliko yote ya Harz, kabla hujatoka nyumbani. Kilele hicho cha mita 1,141 hufunikwa na ukungu karibu siku 300 kwa mwaka. Miji haikimbii, basi miji ipangie siku, na mlima uupe ile asubuhi isiyo na ukungu. Kuna kamera kileleni zinazoonyesha hali moja kwa moja kwenye intaneti. Mimi huzitazama saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai.

Lala katika mji wa Wernigerode, maana treni za Goslar, Halberstadt na za mlimani zote zinapita hapo. Nyumba ya wageni itakutoza kodi ndogo ya mgeni, Kurtaxe. Uliza kadi yenye alama ya HATIX. Kwa kadi hiyo unapanda mabasi ya wilaya bila kulipa. Usipouliza, huenda wakasahau kukupa. Kama unaishi Ujerumani na una Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi, inatosha kwa treni zote za kawaida, ila haikubaliwi kwenye treni ya mvuke ya Brocken. Kumbuka pia Jumapili maduka yanafungwa, kwa hiyo nunua mkate na maji Jumamosi.

Siku ya kwanza nenda Goslar, na kabla ya kutazama jengo lolote, shuka kwenye mgodi wa Rammelsberg. Wengi huanza na uwanja wa soko na picha, halafu mgodi wanauacha kwa kuchoka. Mgodi huu ulichimbwa kwa zaidi ya miaka 1,000, ukafungwa 1988, na mwaka 1992 ukaingizwa pamoja na mji kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Chagua matembezi ya Roeder-Stollen. Ni njia nyembamba iliyochongwa kwenye mwamba, na humo kuna magurudumu makubwa ya mbao yaliyokuwa yakizungushwa na maji ili kuinua mawe na kuvuta maji yaliyojaa chini. Vaa koti hata kama nje ni kiangazi, kwa sababu ndani ni nyuzi 12 tu. Mama mdogo aliweka kiganja ukutani, mahali mwamba ulipobadilika rangi kuwa bluu na kijani kwa madini, akakaa kimya muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "watu wamekesha humu."

Ukitoka hapo, Goslar inasomeka yenyewe. Jumba la wafalme, Kaiserpfalz, la karne ya 11, liko hapo kwa sababu ya madini ya fedha yaliyotoka kwenye mlima ule. Katika kanisa dogo la Ulrich lililoungana nalo umehifadhiwa moyo wa mfalme Heinrich III. Mwili wake uko katika mji wa Speyer.

Siku ya pili ni ya Quedlinburg, kwa kubadilisha treni Halberstadt. Hapa usiwe na haraka. Zimesimama nyumba zaidi ya elfu moja za kiunzi cha maboriti, nafasi kati ya boriti na boriti zikiwa zimekandikwa udongo au kujazwa matofali. Anzia Wordgasse namba 3, nyumba ya zamani sana ambayo sasa ni makumbusho, uone boriti zikisimama moja kwa moja kutoka chini hadi paani. Kisha zunguka vichochoroni utazame jinsi mafundi wa karne zilizofuata walivyobadilisha mtindo. Mawe ya barabarani yanaumiza magoti, kwa hiyo viatu viwe na soli nene. Kanisa la Mtakatifu Servatius liko juu ya mwamba. Mfalme Heinrich I alizikwa humo mwaka 936, na mkewe Mathilde alizikwa kando yake.

Mchana huohuo treni inakufikisha Thale kwa dakika chache. Mwenye miguu mizuri aingie bonde la Bode, atembee kilomita kama 10 hadi Treseburg kando ya mto, katikati ya kuta za mwamba. Uliza kwanza kwenye ofisi ya wageni karibu na stesheni kama njia iko wazi, kwani mawe huporomoka, na uandike saa ya basi la kurudi. Mama mdogo na mimi tulipanda gari la kamba hadi Hexentanzplatz, tukaliona bonde lote kutoka juu.

Asubuhi ya tatu mlima ulikuwa wazi. Nauli ya kwenda Brocken na kurudi inazidi euro 50, na ni ileile popote unapopandia, kwa hiyo panda Wernigerode kwenyewe upate safari nzima, kama saa moja na dakika arobaini. Kwenye stesheni ya Drei Annen Hohne kichwa cha treni husimama kunywa maji, shuka ukitazame.

Njiani utaona misonobari iliyokufa, imesimama mikavu kilima baada ya kilima. Iliniuma sana mara ya kwanza. Mbawakawa wanaotoboa magome waliishambulia hasa tangu kiangazi cha ukame cha 2018. Lakini misonobari mingi ilipandwa na watu, safu kwa safu, kwa sababu migodi ilitaka mbao. Ndani ya hifadhi ya taifa miti hiyo inaachwa ianguke yenyewe, na chini yake miti mingine michanga inachipua. Kaa upande wa dirisha uitazame.

Kileleni upepo ni mkali, funga kofia. Kuanzia 1961, enzi za Ujerumani Mashariki, mahali hapa palifungwa kwa raia, pakawa pa wanajeshi, hadi tarehe 3 Desemba 1989 watu walipopanda kwa miguu na kudai lango lifunguliwe. Zunguka njia ya duara, na kama unakusanya mihuri ya wapanda milima iliyowekwa sehemu 222 za Harz, piga ule wa hapa, namba 9, kwenye kijitabu chako. Kabla ya kuketi kunywa supu, soma saa ya treni ya mwisho ya kushuka.