Zhang Yupi? Namna ya Kuwatambua Akina Zhang wa Historia ya China

Fungua kitabu chochote cha historia ya China na hutasoma mbali kabla hujakutana na Zhang. Yupo Zhang mshauri wa vita, Zhang msafiri, Zhang tabibu, Zhang muasi, Zhang mchoraji. Jina hili la ukoo ni la tatu kwa wingi nchini China, nyuma ya Wang na Li, na wanaolibeba leo ni zaidi ya watu milioni 80. Pale ambapo sisi husema "fulani na fulani", Wachina husema Zhang San na Li Si, Zhang wa tatu na Li wa nne.

Najua wasomaji wengi wanaoipenda historia hii wakaiachia njiani kwa sababu ya majina tu. Inaniuma, maana nyuma ya jina hilo moja kuna baadhi ya watu ninaowapenda kuliko wote katika historia. Njia ninayoieleza hapa si yangu. Ni ya waandishi wa kale wa China, ambao walikuwa na tatizo hilihili na walilitatua zamani.

Chukua daftari, tenga ukurasa mmoja kwa kila Zhang. Kabla hujaandika alichofanya, jaza mambo manne: herufi za jina lake, jina lake la heshima, kwao, na miaka yake. Mpangilio huo ndio unaofungua wasifu katika historia rasmi za nasaba. Wasifu wa mwanafalaki wa enzi ya Han (206 KK–220 BK), kwa mfano, unaanza kwa kusema kwamba Zhang Heng, jina lake la heshima Pingzi, alikuwa mtu wa Xi'e katika Nanyang. Sifa zinafuata baadaye. Anayeanza na sifa huishia na orodha ya mashujaa wanaochanganyika. Anayeanza na hayo manne hapotei.

Jina la heshima ndilo ambalo wageni hulidharau, na ndilo linalowapoteza. Mwanamume alipewa jina hilo alipofikia utu uzima, kwa kawaida akiwa na miaka 20, na tangu hapo wenzake walimwita hivyo, kwani kumtaja mtu mzima kwa jina lake la kuzaliwa kulikuwa kumkosea adabu. Ndiyo maana unaweza kusoma kurasa nyingi kuhusu Zifang bila kujua kwamba ni yuleyule Zhang Liang, mshauri aliyemsaidia Liu Bang kuasisi nasaba ya Han. Kwa majenerali pia ni hivyo: Yide ni Zhang Fei. Wenyuan ni Zhang Liao. Tabibu mkubwa wa mwisho wa enzi ya Han tunamjua zaidi kwa jina la heshima, Zhang Zhongjing. Jina lake la kuzaliwa ni Ji. Wengine wakaja kuitwa kwa mahali: Zhang Juzheng, aliyeshika hatamu za serikali ya Ming hadi alipofariki mwaka 1582, anaitwa pia Zhang Jiangling kwa sababu kwao ni Jiangling. Yote hayo yaandike juu kabisa ya ukurasa wake.

Sasa herufi. Usiogope kama husomi Kichina. Unahitaji kulinganisha maumbo tu. Zhang tunayemzungumzia huandikwa 张, na upande wa kushoto una alama ya upinde. Kuna ukoo mwingine unaotamkwa sawasawa lakini unaandikwa 章, na huo hauhusiani kabisa na huu. Mwanazuoni na mwanamapinduzi Zhang Binglin (1869–1936), anayejulikana pia kama Zhang Taiyan, ni wa 章. Usimwingize katika daftari hili.

Jina la kuzaliwa nalo lina mitego yake. Zhang Liang wako wawili. Wa kwanza, 良, ndiye Zifang, ambaye mwaka 218 KK alimkodi mtu mwenye nguvu za ajabu amrushie nyundo ya chuma Kaizari wa Kwanza wa Qin huko Bolangsha. Nyundo ikapiga gari lisilo lake, Zhang Liang akabadili jina na kujificha Xiapi. Wa pili, 梁, aliishi karibu karne nne baadaye. Huyo ni mdogo wa Zhang Jue, kiongozi wa waasi wa Vilemba vya Manjano walioinuka mwaka 184. Kwa herufi za Kilatini hutaona tofauti yoyote. Kwa herufi za Kichina unaiona mara moja. Zhang Xun nao ni wawili: 巡 aliyeulinda mji wa Suiyang dhidi ya majeshi ya An Lushan, jenerali aliyeiasi nasaba ya Tang, hadi akauawa mwaka 757, na 勋, jenerali aliyemrudisha mtoto Puyi, kaizari wa mwisho wa China, katika kiti cha enzi mwezi Julai 1917, kwa siku 12 tu. Tofauti nyingine ziko kwenye toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika silabi, kwa hiyo andika alama za toni kila unapozipata. Tabibu ni Zhang Jī, na washairi wawili wa enzi ya Tang ni Zhang Jí na Zhang Jì.

Mara chache herufi zenyewe zinalingana hadi mwisho. Zhang Heng mwanafalaki (78–139) na Zhang Heng wa pili, mwana wa Zhang Daoling, wanaandikwa vilevile, na wote ni wa karne ya pili. Hapo ndipo kwao kunapookoa. Wa kwanza ni wa Nanyang, katika Henan ya leo, na kazi yake ilikuwa katika mji mkuu wa Luoyang. Wa pili aliishi Sichuan, ambako baba yake aliasisi Njia ya Mabwana wa Mbinguni, tawi la dini ya Kitao, mwaka 142, na mwanawe Zhang Lu akaja kutawala Hanzhong mpaka alipojisalimisha kwa Cao Cao, mbabe wa vita wa kaskazini, mwaka 215. Ukiona Luoyang, ala na nyota, ni yule wa kwanza. Ukiona Sichuan na ibada za Kitao, ni wa pili.

Huyo wa kwanza mpe muda. Mwaka 132 alitengeneza chombo cha shaba cha kutambua matetemeko ya ardhi: majoka manane yanayotazama pande nane, kila moja na mpira mdomoni, na chini ya kila joka chura aliyefumbua kinywa. Mwaka 138 mpira ukadondoka na hakuna mtu mjini aliyehisi kitu. Siku chache baadaye akafika mjumbe na habari kwamba ardhi imetetemeka Longxi, mbali magharibi katika Gansu ya leo. Na mtu huyohuyo alikuwa mshairi wa daraja la juu! Kila nikiufikia ukurasa wake nataka wengine wamjue kama wanavyomjua Archimedes.

Usichukulie kwamba kufanana kwa jina ni undugu. Katika daftari langu kalamu nyekundu ni ya undugu uliothibitika, na haitumiki kwa kitu kingine. Tazama enzi ya Falme Tatu, China ilipogawanyika kati ya Shu, Wei na Wu: Zhang Fei alikuwa upande wa Shu, Zhang Liao na Zhang He upande wa Wei, Zhang Zhao upande wa Wu. Zhang Fei aliuawa mwaka 221 na watu wake mwenyewe, na mmoja wao alikuwa Zhang Da. Zhang Liao hata hakuwa wa ukoo huo kwa asili. Historia inasema wahenga wake waliitwa Nie, wakabadili jina ili kukwepa kisasi. Kwa upande mwingine, Mabwana wa Mbinguni walidai kuwa wazao wa Zhang Liang wa Han. Dai la namna hiyo liandike kwa penseli, na pembeni andika ni nani anayelidai. Nyekundu nimeiweka kwa Zhang Jue na ndugu zake, kwa Zhang Daoling, Zhang Heng na Zhang Lu, na kwa Zhang Zuolin, mbabe wa vita wa Manchuria, na mwanawe Zhang Xueliang.

Kadiri unavyosogea karibu na wakati wetu, shida inahamia kwenye tahajia. Mfumo wa pinyin, wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, ulipitishwa mwaka 1958, na vitabu vya kabla ya hapo huandika Chang. Hong Kong utakuta Cheung, Singapore Teo, Vietnam Trương, Korea Jang. Mfano ninaoupenda kwa mafunzo ni tajiri Zhang Bishi, aliyefariki mwaka 1916. Nyumba yake kubwa ya buluu huko Penang inaitwa kwa jina la Cheong Fatt Tze, nyaraka za Waholanzi zinamwita Thio Tiauw Siat, na kampuni ya mvinyo aliyoianzisha Yantai mwaka 1892, Changyu, imebeba Zhang yake katika tahajia nyingine tena. Majina yote hayo yaende kwenye ukurasa mmoja. Kinyume chake, Chiang Kai-shek, kiongozi wa China kabla ya ushindi wa wakomunisti, si Zhang: ukoo wake kwa pinyin ni Jiang, na herufi yake ni nyingine kabisa.

Vyeo navyo viangalie, na hapa nitakaa kidogo na Zhang Qian. Kaizari Wu wa Han alimtuma magharibi mwaka 138 KK na watu wapatao mia moja, awatafute Wayuezhi, watu waliohamia magharibi, waungane na Han dhidi ya Waxiongnu, wafugaji wapiganaji wa nyika za kaskazini. Waxiongnu wakamkamata njiani, wakamweka kwao zaidi ya miaka kumi. Wakampa mke, akazaa naye, lakini fimbo yake ya ubalozi hakuiacha. Akatoroka, akafika Ferghana katika Asia ya Kati, akawafikia Wayuezhi, nao wakakataa vita. Huko Baktria, karibu na Afghanistan ya leo, aliona fimbo za mianzi na vitambaa vya Shu, Sichuan ya leo, akaambiwa vimepitia India. Ndivyo alivyogundua kuwa kuna njia ya kusini. Akarudi mwaka 126 KK hivi, baada ya kukamatwa tena, akiwa na mkewe na mwenzake Ganfu tu. Jina la mke huyo halikuandikwa, na kwa safari aliyoifanya nalitamani kuliko majina mengi niliyo nayo.

Kaizari alimpa Zhang Qian cheo cha mtemi wa Bowang. Alipokwisha kufa, mabalozi waliotumwa magharibi waliendelea kujiita Bowang, kwa kuwa mataifa ya huko yaliliamini jina hilo. Kwa hiyo ukikutana na cheo peke yake, angalia mwaka kabla hujamwandikia mtu yeyote tendo hilo.

Ukitaka kujipima, jaza ukurasa wa Zhang Xueliang bila kutazama popote, kisha linganisha na huu wangu. Herufi 张学良. Jina la heshima Hanqing. Kwao Haicheng, Liaoning. 1901–2001. Tahajia ya zamani Chang Hsueh-liang. Lakabu Marshali Kijana. Kwa nyekundu: baba Zhang Zuolin, ambaye treni yake ililipuliwa na maofisa wa jeshi la Japani karibu na Shenyang tarehe 4 Juni 1928. Tendo: tarehe 12 Desemba 1936, mjini Xi'an, alimkamata Chiang Kai-shek ili kumlazimisha aache kupigana na wakomunisti na apigane na Japani, akalipa kwa kifungo cha zaidi ya miaka 50, akafia Honolulu. Angalia kwamba herufi ya mwisho ya jina lake ni 良, ileile ya Zifang.

Kisha hamia kwa akina Liu. Hao ongezea mstari wa tano, jina la babu, kwa sababu Liu ndio ukoo wa kifalme wa Han na wengi wao ni ndugu kweli.